Maonyesho ya Samani katika Mji wa Milan

Muhula uliopita nilivunja kiti cha maktaba. Sikukivunja kwa ugomvi wala kwa makusudi. Nilikuwa nimekiegemeza nyuma kwa miguu miwili, kama tufanyavyo sote mwalimu akiwa hayupo, na mara nikajiona nimelala chali, kitabu kimenifunika uso. Adhabu niliyopewa ilikuwa kwenda karakana ya useremala kila Jumamosi mpaka kiti kile kipone. Wakati huo huo mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa ametupa kazi ya kuandika juu ya mji mmoja wa viwanda katika Ulaya. Wenzangu wengi walichagua miji ya makaa ya mawe na chuma. Mimi, kwa sababu ya kile kiti, nilichagua Milan, na haya ninayoyaandika ni baadhi ya niliyojifunza kwa njia mbili, ya vitabu na ya randa.

Milan ni mji mkubwa wa kaskazini ya Italia, katika uwanda wa mto Po. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, kwa muda wa siku sita, hufanyika huko maonyesho ya samani yaitwayo Salone del Mobile. Watu zaidi ya laki tatu huja kutoka pande zote za dunia kutazama viti, meza, vitanda, makabati na taa. Nilipomwambia mwenzangu wa kitanda cha jirani habari hii alicheka sana. "Watu wapande ndege kwenda kutazama viti? Kwao hawana pa kukaa?" Swali lake ni la haki, nami nitajaribu kulijibu.

Sisi tukisikia neno maonyesho hukumbuka Sabasaba ya Dar es Salaam: uwanja wenye uzio, mabanda, na tiketi mlangoni. Milan uwanja wa namna hiyo upo, tena mkubwa mno. Uko Rho, nje kidogo ya mji. Ulichorwa na msanifu wa majengo aitwaye Massimiliano Fuksas, ukafunguliwa mwaka 2005, na treni ya chini ya ardhi hufika hapo hapo. Mwaka mmoja huongezwa maonyesho ya taa, na mwaka unaofuata maonyesho ya majiko na vyombo vya jikoni, hivyo hivyo kwa zamu. Lakini sehemu kubwa ya mambo haiko uwanjani. Juma lile lile mji mzima hugeuka kuwa maonyesho. Maduka, nyua za majumba ya kale, karakana zilizofungwa, hata nyua za Chuo Kikuu, ambacho jengo lake lilianza kujengwa katika karne ya 15 liwe hospitali ya maskini, zote hufunguliwa na kujazwa samani. Sehemu hii huitwa Fuorisalone, maana yake "nje ya Salone". Haikuanzishwa kwa amri ya mtu mmoja. Ilikua yenyewe katika miaka ya 1980, wenye maduka na wasanifu walipoona kwamba wageni wako mjini na jioni hawana la kufanya. Mtu hutembea kwa miguu mtaa hadi mtaa, toka Brera penye nyumba za wachoraji mpaka Tortona, nyuma ya reli, penye viwanda vya zamani, na mahali pengi haulizwi hata senti moja.

Yafaa nieleze hapa neno "usanifu" kama ninavyolitumia. Si urembo wa kuongezwa mwishoni, kama maua juu ya keki. Ni kazi ya kufikiri kitu kabla hakijafanywa: kitabeba uzito gani, kitatengenezwa kwa mashine ipi, kitapita mlangoni au hakitapita, na yule atakayekitumia ana mikono ya namna gani. Urembo huja humo humo, au hauji kabisa.

Sasa, kwa nini Milan na si mji mwingine? Jibu nililipata nilipotazama ramani. Kaskazini ya Milan iko nchi ya vilima vidogo iitwayo Brianza. Miji yake, kama Meda, Lissone na Cantù, imekuwa miji ya maseremala kwa vizazi vingi. Karakana zake nyingi zilikuwa ndogo ndogo, za baba na wanawe: hii ikipasua mbao, ile ikichonga miguu, nyingine ikisuka vikalio, nyingine ikipiga vanishi. Kutoka Meda mpaka katikati ya Milan hapazidi kilomita 30. Na mjini Milan walikuwapo wasanifu wengi wa majengo ambao, vita vilipokwisha mwaka 1945, walikuta mji umebomolewa na mabomu. Nyumba mpya zilizojengwa zilikuwa na vyumba vidogo, na makabati mazito ya mababu hayakuingia. Basi msanifu alihitaji fundi, na fundi alihitaji mchoro mpya, na baina yao palikuwa na safari ya muda mfupi tu. Msanifu akichora kiti asubuhi, aliweza kukipeleka kwa fundi siku ile ile, akaambiwa usoni kwamba mguu ule hautasimama.

Mimi naona hapa ndipo siri yote ilipo. Mwaka 1961 watengenezaji wa samani wa Italia walipoanzisha Salone ili wapate kuuza bidhaa zao nchi za nje, waonyeshaji walikuwa 328. Hawakuanza kwa kujenga uwanja kisha wakatafuta cha kuonyesha. Cha kuonyesha kilikuwapo tayari, na mabishano ya mchoraji na fundi yalikwisha kuwa mazoea.

Nitachukua mfano mmoja wa kiti, maana ndicho kilichonifanya niandike. Gio Ponti alikuwa msanifu wa majengo wa Milan. Ndiye aliyeanzisha gazeti la usanifu liitwalo Domus mwaka 1928, na ndiye mkuu wa waliochora jengo refu la Pirelli ambalo lingali linasimama mjini humo. Lakini kwa miaka mingi alikuwa akihangaika na kiti kimoja cha mbao. Alianza na kiti cha kienyeji cha Chiavari, mji mdogo wa pwani, ambako mafundi walikuwa wakitengeneza viti vyepesi tangu mwaka 1807. Ponti akakipunguza. Akishirikiana na kiwanda cha ndugu Cassina wa Meda, alikipunguza tena na tena, mpaka mwaka 1957 kikatoka kiti kiitwacho Superleggera, maana yake "chepesi mno". Uzito wake ni kilo 1.7. Kikalio chake ni cha henzirani iliyosukwa. Husimuliwa kwamba kiwandani walikijaribu kwa kukitupa kutoka juu ya jengo, kikadunda chini bila kuvunjika.

Niliposoma hivyo nilikwenda jikoni kumwomba mpishi mizani ya kupimia maharage. Alinitazama kwa mashaka, lakini aliniruhusu. Kiti cha maktaba yetu, cha aina ile niliyoivunja, kilikuwa na kilo 6 na nusu. Maana yake ni kwamba viti vitatu vya Ponti, ukivijumlisha, bado ni vyepesi kuliko kimoja chetu. Na chetu ndicho kilichovunjika!

Jumamosi nikampelekea Fundi wa karakana jambo hili. Yeye hakushangaa. Alichukua kiti changu kilichovunjika, akakigeuza juu chini, akaniambia, "Mwanangu, tazama. Mguu ni mzima. Kilichovunjika ni bega." Akanionyesha pale ambapo ubao wa ubavuni huingia katika mguu wa nyuma. Mtu akiegemea kwa miguu miwili, uzito wake wote huwa kama mtaimbo unaobandua kiungo kile. Tena mtu fulani, aliyetengeneza kiti hicho zamani au aliyekirudia, alikuwa ameongeza misumari miwili pale pale, na misumari imepasua mbao. Unene wa miguu haukusaidia kitu. Fundi alisema kwamba mbao nene mahali pasipohitajika ni mzigo tu, na mbao nyembamba penye kiungo ni msiba.

Nilipoitazama tena picha ya Superleggera nikaelewa nilichokuwa sijakielewa. Miguu yake haikuchongwa duara wala mraba, bali pembetatu, nayo ina unene wa milimita 18 tu. Ponti hakuwa mchawi wa kufanya mbao ziwe na nguvu kuliko zilivyoumbwa. Aliziacha pale zinapofanya kazi na kuziondoa pengine pote, na mti alioutumia, uitwao frassino kwa Kiitaliano, hupindika kidogo kabla ya kukatika. Na bila fundi wa Meda aliyejua kukata viungo vile kwa usahihi, mchoro wake ungebaki karatasi.

Iko habari nyingine ya Milan inayotuhusu sisi moja kwa moja, ingawa wachache wanaijua. Viti vya plastiki tunavyokodi kwa arusi, misiba na mikutano, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka vinakuwa mnara, vingi vyao ni vya plastiki iitwayo polipropilini. Mwaka 1954 katika chuo cha ufundi cha Milan, Politecnico, mwanakemia Giulio Natta alipata njia ya kuifanya plastiki hiyo iwe ngumu na yenye kufaa, na mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Mjini Milan kilikuwapo kiwanda kiitwacho Kartell, kilichoanzishwa mwaka 1949 na Giulio Castelli, mhandisi wa kemia, ambacho kilifanya ndoo na vyombo vya jikoni vya plastiki. Mwaka 1964 kiwanda hicho kilitoa kiti cha watoto kilichochorwa na Marco Zanuso na Richard Sapper, chote cha plastiki, kiasi cha mtoto kukibeba mwenyewe na kukipanga kama matofali ya mchezo. Kiti cha mkono tunachokijua sisi, cha kipande kimoja bila kiungo, kilifuata Ufaransa mwaka 1972, kazi ya Henry Massonnet. Plastiki iliyoyeyuka husukumwa ndani ya kalibu, na muda usiozidi dakika mbili kiti kimekwisha. Hakina bega la kuvunjika. Lakini kikivunjika hakuna fundi wa kukitibu, na hapo kiti chetu kizito cha mbao kinakishinda.

Katika wasanifu wote niliosoma habari zao, nilimpenda zaidi Achille Castiglioni, aliyefanya kazi pamoja na kaka yake Pier Giacomo. Hawa walikuwa na tabia ya kuokota vitu vilivyokwisha kuwapo. Mwaka 1957 walichukua kikalio cha chuma cha trekta, wakakifunga juu ya chuma kimoja kilichopindwa, na chini wakaweka kipande cha mti cha kukizuia kisipinduke, kikawa kigoda. Watu walikiona kichekesho, na haikuwa mpaka miaka ya 1970 ndipo kikaanza kutengenezwa kwa kuuzwa. Mwaka 1962 walitoa taa ya sebuleni iitwayo Arco, ambayo nguzo yake hupinda kama fimbo ya kuvulia samaki, ili mwanga uangukie meza bila kutoboa dari. Chini yake ni jiwe la marumaru la kilo 65. Jiwe hilo lina tundu. Wageni hudhani ni pambo, kumbe ni la kupitishia mti wa ufagio, watu wawili washike huku na huku waihamishe taa! Tundu lile lilinifundisha maana ya usanifu kuliko kitabu kizima, kwa kuwa aliyelichora alimfikiria mtu atakayefagia chumba.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila kionyeshwacho Milan kina hekima hiyo. Septemba 1981, wakati ambapo Salone ilikuwa bado ikifanywa mwezi huo, kundi liitwalo Memphis, likiongozwa na Ettore Sottsass, lilionyesha samani za rangi kali na maumbo ya ajabu. Rafu yao moja ya vitabu ina mbao zilizolala upande, na sijui vitabu vyenyewe vingesimamaje. Umati ulifunga barabara usiku ule. Wako wanaosema kazi hiyo iliwafungua watu macho. Mimi naona ilikuwa mzaha mzuri wa watu waliokwisha kujua kazi yao. Pia siku hizi makampuni ya magari na ya mavazi hukodi majumba juma lile ili jina lao tu litajwe, na bei za hoteli hupanda kiasi kwamba mwanafunzi wa kawaida hawezi kulala mjini. Vitu vingi ni vya matajiri. Mwaka 2020 Salone haikufanyika kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mwaka 2021 ilifanyika ndogo mwezi wa Septemba. Wengi walitumia nafasi hiyo kuuliza kama dunia inahitaji kweli viti vipya kila mwaka. Mwaka 2023 ilirudi Aprili kama kawaida, na swali likabaki pale pale.

Jambo moja zuri ni sehemu iitwayo SaloneSatellite, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Bibi Marva Griffin, mzaliwa wa Venezuela. Humo huonyesha vijana wasiozidi miaka 35. Kijana huleta kielelezo alichokitengeneza kwa mikono yake, na mwenye kiwanda akikipenda huzungumza naye hapo hapo. Nilipokuwa Dar es Salaam likizoni nilipita Keko, ambako makochi na vitanda hupangwa kando ya barabara, na fundi mbao, fundi wa vitambaa na fundi rangi ni majirani kama wale wa Brianza. Nilimwona mteja akimwonyesha fundi picha ya kochi katika simu. Fundi aliitazama mara moja, akataja bei, akaanza kupima. Kazi yake ilikuwa safi kabisa. Lakini nilijiuliza ni nani atakayemletea mchoro ambao hauko katika simu ya mtu yeyote, kisha akae naye wabishane juu ya miguu.

Ndipo nilipofika kwa Enzo Mari. Huyu naye alikuwa mtu wa Milan, mkali, mwenye kuchukia anasa, aliyefariki Oktoba 2020. Mwaka 1974 alitoa michoro 19 ya meza, viti, vitanda na makabati ya mbao za kawaida na misumari, akasema mtu yeyote na aitengeneze mwenyewe, ila viwanda na wafanya biashara wasiitumie. Aliyetaka michoro alipeleka stempu za posta tu. Mari alitaka mtu ajue, kwa kupiga msumari mwenyewe, kwa nini meza husimama.

Niliwashawishi wenzangu wawili tujaribu. Nyuma ya karakana kulikuwa na rundo la viti vibovu, nami nilikuwa nimevihesabu: 31. Maktaba ilikuwa imebakiwa na viti 20, na wakati wa mitihani waliochelewa walisoma wakiwa wamesimama. Fundi aliposikia habari ya misumari alikunja uso, lakini alitupa mbao za masanduku ya vitabu tufanye meza kwa kufuata njia ya Mari, wala si kuiga mchoro wake. Meza ya kwanza ilisimama, ila ukiisukuma ubavuni ililala kama ng'ombe mchovu. Tulipoipigia mbao mbili za mshazari kila upande ikatulia, maana mraba hulegea na pembetatu hailegei. Mwalimu wa Fizikia amekwisha kutufundisha hayo ubaoni, na tulikuwa tumeyajibu vizuri katika jaribio bila kuyaelewa.

Viti navyo tulivirudia kwa njia ya Fundi: kung'oa misumari ya zamani, kusafisha tundu, kuchonga ulimi mpya, gundi, na kijiti cha mti mgumu kupita katikati. Kimoja kilitugharimu Jumamosi mbili. Siku ya Wazazi Mkuu wa Shule alituruhusu kuviweka chini ya mwembe pamoja na ile meza, kila kimoja na karatasi yenye jina la aliyekitengeneza, kama wafanyavyo Milan. Wazazi, kwa kuwa jua lilikuwa kali na hotuba ndefu, hawakusoma karatasi. Walivikalia. Mzee mmoja tu, ambaye baadaye nilisikia ni seremala, alikiinua kiti changu, akakipindua, akapitisha kidole katika kiungo cha nyuma, kisha akaniita. "Gundi yako imekauka kabla hujakaza," alisema. "Huu utaachia mwakani."

Nilikifungua Jumatatu yake. Mpaka ninapoandika haya viti 14 vimerudi maktaba, na 17 vinangoja. Karakana hufunguliwa Jumamosi saa tatu asubuhi, na si lazima uwe umeadhibiwa ndipo uingie.